Kumtafuta Mama yake Akiru

Nikikumbuka msimu ule wa mafuriko, harufu hutangulia kabla ya jambo lolote: matope mabichi na moshi wa maharagwe. Kakuma, kambi yetu ya wakimbizi, ni mahali pa vumbi na jua. Matope hayakuwa kitu tulichokizoea, ndiyo maana pua yangu imeyahifadhi hadi leo. Kanisa letu la udongo na mabati lilikuwa limesimama mahali palipoinuka kidogo, na mabenchi yote yalikuwa yametolewa nje ili watu wapate pa kulala. Ndani kulikuwa na akina mama wa Kiturkana, wenyeji wa nchi ile, na watoto wao, mbuzi wachache walionusurika wakiwa wamefungwa mlangoni, na nguo zilizoloa zimetandazwa hata juu ya ngoma za kwaya. Nyuma ya kanisa akina mama wetu wa Kikongo na wa Kirundi walikuwa wakikoroga masufuria makubwa, macho yao mekundu kwa moshi, wakiimba polepole ili wasisinzie. Nilikuwa na umri wa miaka kama tisa, na kazi yangu ilikuwa kupeleka vikombe vya uji na kurudisha vikombe vitupu.

Mto Tarach, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni barabara pana ya mchanga. Tulicheza mpira humo, tukachimba visima vidogo tukanywa, tukaukatiza kwenda sokoni kana kwamba haukuwa mto hata kidogo. Siku ile mbingu juu yetu ilikuwa safi, kumbe mvua ilikuwa imenyesha milimani huko mbali. Mchana, wakati watu wanapumzika kivulini, tulisikia ngurumo kama ya malori mengi yakipita penye mawe. Mwanamume mmoja akapita mbio akipiga kelele, "Mto imekuja! Mto imekuja!" Tulipofika ukingoni maji yalikuwa yamekwisha kuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba migunga mizima na mizizi yake, madumu, mbuzi, na mlango wa bluu uliokuwa ukizunguka kama unamtafuta mwenye nyumba. Nyumba kadhaa za kambini zilibomoka, lakini walioumia zaidi ni Waturkana wa manyata zilizokuwa bondeni, upande wa chini. Jioni ilipofika walikuwa wamesimama uani pa kanisa, wameloa.

Baba yangu alifia Kongo kabla sijamjua, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na mama. Watu wote walimwita Mama Furaha kwa jina langu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya. Jioni ile Wakristo walikutana uani, na mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema lakini mwoga wa njaa, akasema kwamba sisi wenyewe tunakula chakula cha mgao, na mkimbizi hawezi kumlisha mwenye nchi. Wengi waliinamisha vichwa. Mama akasimama, akasema kwa Kiswahili chake cha Uvira, kwetu Kongo, "Baba, siku tulishuka kwenye lori hapa, miye nilikuwa na kiu. Mwenye alinipa maji alikuwa Mturkana. Hakuniuliza kama miye ni wa nchi gani." Kisha akaingia nyumbani, akatoka na unga wetu wote kichwani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kabla giza halijaingia, unga, maharagwe na chumvi vilikuwa vimerundikana mbele ya mimbari, na yule mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akipasua kuni.

Pasta wetu alikuwa na agizo moja ambalo wakati ule niliona ni la ajabu. Aliwaambia waliojitolea kwamba mtu akishampa mwenzake chakula, asiondoke. Akae naye mpaka ale. Basi wakakaa, na wale walionusurika wakaanza kusimulia. Mwanamume mmoja alieleza jinsi alivyomshika beberu wake pembe akidhani anamwokoa, kumbe beberu ndiye aliyekuwa akiogelea na kumvuta yeye hadi nchi kavu. Alicheka alipokuwa akisimulia, halafu katikati ya kicheko akalia. Msichana mdogo kuliko mimi alisema aliona nyumba yao ikitembea. Wengine walizungumza Kiturkana tu, na akina mama wa kwaya, bila kuelewa neno, walitikisa vichwa mahali panapostahili, kwa sababu karibu kila mmoja wao aliwahi kuikimbia nyumba yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wale akina mama kitanda hicho walikuwa wamekilalia sana.

Mtu mmoja tu hakusema neno. Jina lake lilikuwa Akiru, na tulimjua vizuri, kwa sababu ndiye aliyekuwa akituletea kuni. Kila wiki yeye na mama walibishana mlangoni petu: Akiru akidai unga uongezwe, mama akidai mzigo wa kuni ni mwembamba kama miguu ya korongo, mpaka wote wawili wanacheka na kila mmoja anaamini ameshinda. Sasa Akiru alikuwa ameketi akiutazama ukuta, mtoto mmoja mapajani na mwingine amemlalia bega, na uji niliompelekea ulikuwa umepoa na kufanya ngozi juu. Mama alipoona hivyo aliuacha mwiko mikononi mwa mwenzake, akaenda akaketi chini kando yake. Hakumwuliza kitu. Akamwambia tu, "Ejoka, Akiru." Hiyo salamu ilikuwa karibu neno pekee la Kiturkana alilokuwa nalo.

"Maji ilikuja," Akiru akasema. "Mimi nashika huyu mtoto mgongo, nashika huyu mkono. Mama yangu iko ndani ya nyumba. Mguu yake mbaya, haitembei. Mimi nasema, mama, shika mimi. Yeye nakataa. Nasema, enda na watoto." Akamvuta mtoto karibu. "Mimi naenda. Naangalia nyuma, nyumba hakuna."

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Nilidhani mama angemwombea, kama alivyozoea kuwaombea watu. Badala yake alijifuta uso kwa kitenge, akasema, "Hata miye niliacha mama yangu."

Sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Nilipouliza habari za kwetu, mama alinisimulia juu ya ziwa na samaki, na maembe ya jirani, basi. Bibi yangu alikuwa jina tu katika sala. Siku ile, akimtazama Akiru na si mimi, mama alisimulia jinsi risasi zilivyoanza kulia karibu na kwao, na bibi, ambaye magoti yalikuwa yamemkataa, akanifunga kwa kitenge mgongoni mwa mama, akakaza fundo, akamwambia, "Wewe beba mtoto. Miye nitalinda nyumba." Mama akacheka kicheko kikavu. "Kulinda nyumba! Mwanamke mzee na fimbo yake."

"Halafu?" Akiru aliuliza.

"Sijui. Mpaka leo sijui kama eko hai ao alikufa." Akamshika mkono. "Lakini wako aliachwa hapa karibu. Kunywa uji, twende tumutafute."

Asubuhi yake waliondoka, wao wawili pamoja na wanaume kadhaa wa Kiturkana, nami nikiwa nyuma yao kwa sababu nilikataa katakata kubaki. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi bila kibali, na mama alilijua hilo, lakini alijifunga kitenge kama anayekwenda kuchota maji, akapita. Tulifuata ukingo wa Tarach kuelekea upande wa Nakalale. Jua liliwaka kana kwamba halikuwa na habari ya lolote. Kila tulipoona kitambaa kimenasa kwenye miiba, Akiru alisimama, na mama alitangulia kwenda kutazama kwa niaba yake. Kilikuwa kitambaa tu. Nilimwona mama akirudi kila mara huku akitikisa kichwa, na kila mara mabega ya Akiru yakishuka kwa nafuu. Tukawauliza wachungaji tuliokutana nao. Mchana ukiwa umesogea, kijana aliyekuwa na ngamia akatuelekeza kwenye manyata fulani, akisema kuna kikongwe aliyekutwa amekwama juu ya mti ulioangushwa na maji, wakamvuta kwa kamba, na tangu hapo hawajapata amani kwa ukali wake.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa ndani ya kibanda, amefungwa blanketi la watu, akifoka. Akiru alianguka magotini mwake, akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Yule kikongwe alimpapasa kichwa kwa mkono mmoja na kumsukuma kwa mwingine, akisema maneno mengi ya haraka. Mama akauliza anasemaje. Akiru, machozi yakimtiririka, akajibu, "Nasema mimi nachelewa. Nauliza tumbako iko wapi."

Tulicheka wote, hata wenye manyata. Kisha yule bibi akamtazama mama kwa makini, miguu yake yenye vumbi na kitenge cha kigeni, akauliza swali. Akiru akatafsiri: "Nauliza wewe ni nani, na mama yako iko wapi."

"Mwambie sijui eko wapi," mama akasema.

 Bibi akamwita mama kwa kidole, akamtemea mate kidogo kifuani, jinsi wazee wa Kiturkana wanavyobariki, akasema jambo fupi. Akiru akatafsiri: "Nasema, basi wewe sasa ni mtoto yake pia. Nasema siku ingine, wewe pia usichelewe."

Mama, ambaye sikuwahi kumwona akilia mbele za watu, alilia pale, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mwanamke asiyejua hata jina lake.

Bibi yule aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Mama alimpelekea tumbako kila alipoipata, na kufokewa kwa kupeleka kidogo. Alipofariki, mama na Akiru walivua ushanga na hereni siku moja, kama Waturkana wafanyavyo wakifiwa, wakaketi msibani bega kwa bega, na hakuna aliyeuliza yule Mkongo anafanya nini pale. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wageni tulipona pia.

Sasa ninafundisha shule hapa Lodwar, na mito ya hapa nayo hufurika. Kanisa ninamosali huwafikia watu haraka kuliko tulivyoweza sisi. Tuna lori la kukodi, mablanketi mapya ndani ya plastiki, vijana wenye fulana za rangi moja na simu za kupiga picha. Sitasema kwamba zamani kulikuwa bora. Uji wetu ulikuwa na wadudu, na watoto walilala na baridi kwa kukosa cha kujifunika. Lakini siku hizi tuna haraka. Tunapeana, tunapiga picha, tunapanda lori.

Mvua zilizopita, mto Kawalase ulipobomoa nyumba za watu, mama na Akiru walikuja kutoka Kakuma bila kuitwa, wote wawili sasa wana mvi. Tulipomaliza kugawa, lori likawashwa, nami nikaanza kuwatafuta. Niliwakuta wameketi chini kando ya mzee mmoja niliyekuwa nimempa blanketi asubuhi nikapita. Alikuwa akizungumza taratibu, Akiru akimtafsiria mama, na mama akiitikia kwa kichwa. Dereva akapiga honi. Nikaita, "Mama, twende, tunangojwa." Mama hakugeuka. Aliinua mkono tu, kunionyesha ningoje, kwa sababu mzee hakuwa amemaliza kusema.