Rispa Hainui Kichwa

Dada yangu Rispa hajawahi kumwinamia mtu. Ni mjane, dalali wa ng'ombe pale Ogwedhi, na mdomo wake ni mkali kuliko fimbo yake. Kwa hiyo daktari alipomwambia akae wiki nzima uso ukitazama chini, nilicheka hadi nikaona haya.

Tatizo alizaliwa nalo: kijishimo penye mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi ubongoni. Miaka yote kilinyamaza, kisha maji yakaanza kupenya na kuinua utando wa nyuma ya jicho la kulia. Hospitali ya Homa Bay ikampeleka kwa wapasuaji wa macho. Hao wakatoa ute wa ndani, wakachoma ukingo wa kishimo kwa miale, wakaacha kiputo cha gesi kiukandamize utando urudi mahali pake. Gesi hupanda juu siku zote, na akiinama nyuma ya jicho ndiyo huwa juu; ndiyo maana lazima ainame. Akiinua kichwa ovyo, jicho linaweza kupotea.

Katikati ya wiki hiyo, ng'ombe wa mahari ya bintiye Terry wakafika. Maroa, ndugu ya marehemu mume wa Rispa, ndiye aliyepanga siku, bila kuuliza mtu.

"Shemeji, simama uangalie wageni usoni," Maroa akamwambia. "Mama ya bibi harusi akiinama hivi, watasema hii boma ni ya waombaji."

"Wacha waseme."

"Ni aibu!"

"Aibu ni yako. Jicho ni langu."

Nilimpenda sana wakati ule. Akatoka nje, kidevu kifuani, mkono begani mwangu, akawasalimu wakwe huku akitazama viatu vyao. Mmoja akaguna. Kisha Rispa akataka ng'ombe wapitishwe mbele yake mmoja mmoja. Maroa, aliyekwisha kuzisifia pembe zao, akatabasamu kwa dharau.

Rispa alitazama kwato kwa jicho lake zima. Akamsimamisha fahali mwekundu, akapapasa mguu wa nyuma, akakwangua matope. Ukwato ulikuwa umeoza.

"Huyu arudi kwao."

Mjomba wa bwana harusi akawaka. "Mama, toka tufike hujatuangalia hata mara moja! Hiyo uso utainua lini?"

"Jicho likipona," Rispa akamjibu, bado anatazama chini, "na mkileta mwenye miguu minne mizima."