Keki ya Pili ya Wariara

Wariara alikuwa anapika keki bila oveni, na ilikuwa inatoka laini kushinda ya oveni. Unachukua sufuria kubwa, unamwaga mchanga ndani, unaweka ile ndogo yenye unga juu ya mchanga, unafunika na karai. Halafu makaa chini, na makaa ingine juu ya karai. Kazi yote ni hiyo makaa. Ukiondoka kidogo tu kupiga story, utapata juu imeungua na katikati ni uji. Kwa hivyo unakaa hapo, unapunguza, unaongeza, mpaka ishikane.

Alijifunzia keki kwa jikoni ya memsahib, kwa shamba moja ya wazungu karibu na Gilgil. Kila mara shule zikikaribia kufunguliwa, memsahib alikuwa anafanyia watoto wake pati kabla wapande treni warudi bording. Baluni, michezo, keki ya Wariara. Wariara anapika, anabeba, anaosha sahani, halafu anateremka laini, kwa zile nyumba za wafanyikazi nyuma ya boma ya ng'ombe, na pale watoto walikuwa wanarudi shule kama wanaenda kuchota maji. Hakuna mtu anawaambia hata kwaheri.

Sasa Januari ya 1953, ilikuwa zamu ya Njoki wake kuanza darasa la kwanza. Njoki alikuwa na miaka sita, na ndiye tu alikuwa naye, baba yake alikuwa ameshakufa na homa ya mapafu. Wariara akasema hii mwaka watoto wa laini pia watafanyiwa pati. Wote, Wakikuyu, Wakipsigis, Waluo, bora unaenda kwa mwalimu Micah, kwa ile shule ya udongo ya chumba moja. Alimshonea Njoki yunifomu na pazia ya zamani ya memsahib. Ukiangalia vizuri bado ungeona maua.

Memsahib alikubali kumpea unga na mayai. Akamuuliza, "Watoto ni wangapi?"

"Ni wale wako huko laini, memsahib."

"Lakini ni wangapi?"

Wariara akaangalia sakafu. Mkikuyu wa hiyo enzi hangehesabu watoto wa watu hata ukimfunga kamba. Kuhesabu watoto ni kuita kitu mbaya ije iwapunguze. Memsahib akachoka, akapima unga ya keki moja.

Hiyo Januari haikuwa ya kawaida. Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari, na serikali ilikuwa imesema kila Mkikuyu anafanya kazi Rift Valley apigwe picha apewe kadi. Bila kadi unapandishwa lori unarudishwa rizavu, kule Wakikuyu walikuwa wametengewa, upende usipende. Watu wengi walikataa. Mpiga picha alikuja hapo shambani mara mbili, akapata watu wamekaa chini wamekunja mikono, akarudisha kamera yake kwa gari. Wariara hakuwa amekataa hivyo. Alikuwa anaogopa wote wawili, wenye kupiga picha na wenye kukataa, lakini alikuwa ameamua mpiga picha akija tena ataenda, juu Njoki lazima asome.

Alikuja tena Jumamosi ya pati.

Kiptanui, nyapara wa shamba, alikuja asubuhi na ile fimbo yake. "Mama Njoki, picha ni leo. Mpaka saa saba."

"Keki ikishikana nakuja."

"Hiyo keki imekuwa bwana yako?"

"Bwana ya saa moja tu. Nitamwacha."

Na keki ilishikana vizuri, angetoka hapo aende. Lakini watoto walikuja. Walikuja wa laini, wakaja wa shamba ya ng'ambo ya reli, kila mmoja na mdogo wake mgongoni, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Wariara akakata vipande vidogo, akakata hivyo vidogo mara mbili, keki ikaisha na bado kulikuwa na watoto nyuma wamesimama wameshika mikono vizuri, kama kanisani.

Njoki akavuta leso ya mamake. "Mama, hawa hawajapata."

Jirani yao Chemutai, Mkipsigis, bibi ya mkamuaji ng'ombe, alikuwa amekaa hapo anacheka. "Si ungehesabu kwanza?"

"Haya, hesabu wako basi."

Chemutai akainua kidole kuhesabu, akakirudisha. Hata yeye hangeweza.

Wariara akatoa unga yake mwenyewe, ile ilikuwa imebaki, akaazima mayai mbili kwa Chemutai, akaweka keki ya pili. Makaa ndio yalikuwa yameanza kushika Kiptanui akarudi.

"Mama Njoki, yule mtu anafunga vitu zake."

"Nikiacha hii inaungua."

"Enda," Chemutai akasema. "Mimi nitaangalia."

"Wewe uliunguza ugali juzi. Ugali, Chemutai."

Watu wakacheka, hata Kiptanui. Wariara akaangalia wale watoto wa nyuma, akaangalia karai. "Amekuja mara tatu," akasema. "Atakuja ya nne."

Keki ya pili ilitoka nzuri kushinda ya kwanza. Kila mtoto alikula. Waliimba, wakakimbia na magunia, Njoki akaanguka akachafua yunifomu na hakuchapwa. Mpaka leo Njoki akisimulia hapo anatabasamu peke yake, halafu tabasamu inapotea, na unajua amefika kwa yale yalifuata.

Mpiga picha hakuja ya nne. Kesho yake, Jumapili, watu wakitoka maombi, Kiptanui alikuja bila fimbo. Akavua kofia. "Jumatatu asubuhi lori inakuja. Wasio na kadi wote. Nimeongea na bwana wa shamba, amekataa kusikia."

"Na memsahib?"

"Memsahib anasema pole."

Wariara aliuliza tu shule kesho inafunguliwa saa ngapi.

Walikaa kwa Chemutai na mwalimu Micah, mlango wazi, watoto wakicheza nje. Chemutai ndiye alisema. Huko rizavu watu wanarundikwa, shule nyingi zimefungwa, hakuna chakula. Njoki abaki. Aitwe mtoto wake. Micah akasema yeye ataandika jina ya Kikipsigis, Chepkurui, kwa rejista, na askari akiuliza, hakuna mtoto Mkikuyu hapo.

"Ni ya muda gani?" Wariara akauliza.

Hiyo hakuna mtu alijua.

Jumatatu alimwosha Njoki, akamvalisha ile yunifomu ya pazia, akamwambia kuna mchezo. Shuleni wewe ni Chepkurui. Ukisikia Njoki usigeuke. Atakayegeuka ameshindwa. Njoki akapenda huo mchezo sana. Akaenda akiruka, ameshikwa mkono na Chemutai, hakuangalia nyuma hata mara moja. Mamake alikuwa amesimama mlangoni anangoja aangalie.

Lori ilijaza watu na kuku na vitanda. Barabara ya kutoka shambani ilikuwa inapita kando ya shule, karibu kabisa, dirisha hazikuwa na vioo. Wariara alikuwa amesimama nyuma ameshika mbao. Aliwasikia wakisoma pamoja, a e i o u. Akaona vichwa. Askari alikuwa amekaa hapo karibu na yeye. Jina lilikuwa limefika kwa mdomo. Akauma leso, na lori ikapita.

Alirudi 1958, wakati Wakikuyu walianza kuruhusiwa kurudi kutafuta kazi. Miaka mitano hakukuwa na barua, yeye hakujua kuandika na hakuna mtu alikuwa anatoka kule kuleta habari. Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayako. Alipata msichana mrefu nje ya nyumba ya Chemutai anachambua maharagwe, anaongea na mbuzi kwa Kikipsigis.

Msichana akainua kichwa. Hakusimama.

"Njoki," Wariara akasema.

Hakugeuka upande wowote, alimwangalia tu. Halafu akasema kwa Kiswahili, pole pole, juu Kikuyu kilikuwa kimempotea, "Nilikuona kwa lori. Nilikuwa dirishani. Mbona hukuniita?"

"Ungekimbia unifuate."

"Eeh. Ningekimbia."

Wariara akakaa chini, mbali kidogo, mahali mgeni anakaa. Njoki akarudi kwa maharagwe. Baadaye akasukuma ungo katikati yao, na wakachambua wote wawili, mpaka Chemutai akarudi kutoka kwa ng'ombe akawapata hapo.