Mkono Uliolaliwa

Iko asubuhi moja ya Ramadhani, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado mate hunikauka. Nilikuwa bibi harusi wa miezi michache tu hapa Biryogo, nimeletwa kutoka Rwamagana kuolewa katika nyumba ya mafundi cherehani. Mume wangu Saidi alikuwa fundi, na baba yake, Mzee Rashidi, ndiye aliyemfundisha. Idi ilikuwa inakaribia, kanzu za watu zimerundikana, na mafundi walikuwa wakilala dukani ili wazimalize. Kwa hiyo Saidi alipokosa kurudi usiku ule sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi ulianza aliporudi kumekucha, akasimama mlangoni, mkono wake wa kulia umelegea kuanzia kwenye kifundo, kiganja kinaning'inia.

"Zaina," akaniambia, "mkono hainyanyuki."

Nilidhani ananitania, maana alikuwa mtu wa utani. Nikamshika kiganja nikakiinua, nilipokiachia kikaanguka. Alikunja kiwiko vizuri, bega lilikwenda, lakini kiganja hakikuinuka wala vidole havikunyooka. Akaanza kulia, mtu mzima. Fundi asiyeweza kuinua mkono wa kulia siku chache kabla ya Idi, na wateja wake wote wa mjini wanangoja.

Mama mkwe alitoka chumbani kwake kwa kile kilio. Alimtazama mwanawe, halafu akanitazama mimi, na hakuondoa macho.

"Jana ulikula nini?" akamwuliza Saidi.

"Nilifuturu hapa nyumbani, Mama."

"Na uji nani alipika?"

Kila mtu alijua ni nani. Nilikuwa nimempikia mume wangu bakuli lake peke yake, sukari nimemzidishia, kwa sababu nilikuwa mgeni katika ndoa na nilimpenda. Sasa wewe umezaliwa hapa, unajua inzaratsa ni nini: zile dawa ambazo husemwa wanawake huwatilia waume zao chakulani ili wawapende wao tu. Mwanamke akishaitwa mtu wa inzaratsa, hata maji ya kunawa hupokelewa kwa mashaka. Mama mkwe angenirudisha Rwamagana kwa jina hilo, nisiolewe tena, na wadogo zangu wawili wa kike wakose waume kwa ajili yangu. Niliyaona yote hayo kwa mara moja pale pale nilipokuwa nimesimama.

Nikasema nimwagie Saidi maji ya moto mkononi. Birika lilinitikisika, maji yakamwagika sakafuni, kijasho kikanitoka.

"Mwangalie," mama mkwe akasema, taratibu kabisa. "Anatetemeka. Mtu hana kosa, anatetemeka nini?"

Mwanangu, sijawahi kuuchukia mwili wangu kama siku ile. Nilijitahidi kutuliza mikono na ndivyo ilivyozidi. Moyo ulinienda mbio hadi nikausikia masikioni.

Mama mkwe alitaka Saidi apelekwe kwa mganga wa miti shamba aliyekuwa akikaa upande wa Nyabugogo, achanjwe mkono wote kwa wembe na kupakwa dawa ili kilichomo kitoke. Mzee Rashidi, aliyekuwa ameingia kutoka dukani na kuketi na tasbihi yake, alisema neno moja tu, kwamba kwanza dispensari. Hakusema kwa nini. Mama mkwe akakubali shingo upande, lakini siku ile ile alimpa dereva mmoja wa lori ujumbe kwa kaka yangu Issa, aje anichukue.

Dispensarini tuliingia mimi na Saidi, mama mkwe akabaki nje kwenye benchi, watu walikuwa wengi. Tabibu alikuwa kijana, amesoma, Kiswahili chake cha kuchanganya na Kinyarwanda na Kifaransa. Alimwambia Saidi akaze ngumi, ikakazika kidogo. Akamwambia anyooshe vidole, wapi. Akachukua pini akamwambia afumbe macho. Alimchoma kiganjani, Saidi akasema nasikia. Alimchoma kidole cha mwisho, nasikia. Alimchoma nyuma ya mkono, pale kati ya kidole gumba na cha shahada, akachoma tena na tena, na Saidi akauliza, "Umeanza?"

Nilitazama ile pini na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikapata pumzi. Nikajiuliza, dawa ya kutiliwa kwenye uji ingejuaje kuchagua nyuma ya gumba na kukiacha kiganja?

Tabibu akatueleza, na mimi nilimsikiliza kama nasomewa hukumu. Alisema mwilini mna mishipa ya damu, hiyo tunaijua, na mna mishipa ya fahamu, ambayo wengine huiita neva. Ndani ya kila mshipa wa fahamu mna nyuzi nyingi nyembamba, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja iliyo hai. Nyingine hupeleka habari juu, kwenye uti wa mgongo hadi kichwani: hapa pana moto, hapa pana sindano. Nyingine huleta amri chini: inua, shika, achia. Habari inakwenda kwa umeme mdogo sana, na uzi unapofika mwisho wake humwaga kitone cha maji ya mwili, ndicho kinachouamsha msuli au seli inayofuata. Mtu anadhani ameinua kikombe tu, kumbe maelfu ya seli zimepashana habari.

Kisha akamshika Saidi mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, upande wa nyuma. "Iko hapa," akasema. "Mshipa unaoinua kiganja unazunguka hapa, karibu na mfupa. Ukibanwa kwenye mbao saa nyingi, unazimia. Kichwa iko inaamuru, amri haifiki. Ulilalaje?"

"Nilikaa kwenye benchi, mkono nimeupitisha nyuma ya egemeo. Nilikuwa nimechoka."

"Aliyechoka pia anageuka," tabibu akasema. "Mshipa ukibanwa unapiga kelele. Ile ganzi, yale mambo ya kama sisimizi, ndiyo kelele yake. Kichwa kinasikia hata usingizini, kinakugeuza. Chako hakikusikia. Ulikunywa nini?"

Saidi alinitazama, akatazama mlango, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa mtaa wa Muhima kwa rafiki zake, na walikunywa urwagwa, ile pombe ya ndizi. Katika Ramadhani, mwanangu, mtoto wa nyumba ile, na kwao wanaamini yuko dukani anashona kanzu za sala ya Idi.

Tabibu hakumkemea. Alimfungia kibao chini ya kiganja ili kisining'inie, akasema mshipa haukukatika, utaamka wenyewe baada ya wiki kadhaa, na asimruhusu mtu yeyote kumchanja. Akaniona mimi mikono inacheza mapajani. Akaniuliza nina nini, nikamwambia ninaogopa na watu wanasema kuogopa kwangu ni ushahidi. Akacheka kidogo, cheko la huruma.

"Hiyo pia kazi ya neva, dada," akasema. "Kichwa kikiona hatari, kinaamsha moyo, kinakausha mdomo, kinatetemesha mikono, wala hakikuombi ruhusa. Mwenye kosa anatetemeka. Asiye na kosa, akiona watu wamemzunguka, naye anatetemeka."

Tulipokuwa tunatoka Saidi akanishika nguo. "Usimwambie Mama," akasema. "Nitasema mwenyewe."

Basi nikangoja aseme. Kwenye benchi mama mkwe aliuliza tabibu kasemaje, Saidi akajibu, "Ni mishipa." Mama mkwe akauliza mishipa imefanywa nini na nani. Saidi akasema tabibu hakujua. Ningesema mimi, nani angeniamini? Mke mgeni, anatuhumiwa inzaratsa, sasa anamsingizia mume pombe ndani ya mwezi mtukufu. Nilimeza maneno, tukapanda kilima kurudi Biryogo, na nilitembea nyuma yao.

Siku zilizofuata ndizo zilizonizeesha. Unajua kwetu mwenye kukupa kinywaji hukionja kwanza, ili ujue hakina sumu, na watu hufanya hivyo hata kwa heshima, wala si kwa kutuhumiana. Mimi nilionjeshwa kila kitu. Chumvi nilionjeshwa. Kila magharibi familia ilikaa, adhana ikaita, tende zimo mikononi, na wote wakanisubiri mimi ninywe uji mbele yao, mama mkwe akinihesabia pumzi. Majirani waliacha kutuma watoto wao kwangu. Na Saidi alikaa pale pale na kibao chake, anatazama mkeka. Usiku aliniambia kesho. Nilimpenda na nilitamani kumpiga.

Kaka Issa aliwasili alasiri moja, amebeba mfuko mtupu wa kutilia nguo zangu. Alisalimia, hakuniangalia. Mama mkwe alimweleza kwa adabu zote, maneno ya kuzunguka, kwamba watoto hawakuelewana, kwamba mwanawe amepata maradhi yasiyojulikana, kwamba ni heri dada yake apumzike kwao kidogo. Jua lilikuwa linazama. Niliweka uji katikati.

Mzee Rashidi akauliza, "Saidi, nilimfuata tabibu mwenyewe, akasema alikuuliza ulilalaje. Mimi nakuuliza ulilala wapi."

Saidi aliinamia kibao chake.

"Nililala dukani usiku ule," Mzee akaendelea. "Mimi na mashine yangu. Wewe haukukuwako. Niko nangoja useme mwenyewe, kila siku nangoja, nasema leo atasema, ni mtoto yangu. Mkono umelaliwa, sawa, hiyo ni mwili. Ulimi umelaliwa na nini?"

Saidi akasema. Alisema yote, Muhima, urwagwa, benchi, alilia na kusema, mbele ya kaka yangu. Mama mkwe alijifunika uso kwa mtandio. Nilidhani Mzee amemaliza, nikaanza kuvuta pumzi, kumbe alinigeukia mimi.

"Na wewe, mukazana, mke wa mwanangu. Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Na ungepanda gari na jina la mchawi, kwa sababu ya kumfichia mwanaume mzima aibu yake?"

Nilikasirika, nakuambia kweli, kwa sababu yeye naye alijua na aliniacha nionjeshwe uji siku zote zile akingoja mwanawe awe mwanaume. Hadi leo, Mungu amrehemu, sijui kama nimemsamehe kabisa. Lakini alisema haki.

Adhana ikaita. Hakuna aliyegusa kitu. Mama mkwe alifunua uso, akanyoosha mkono, akachukua bakuli kabla mimi sijalionja, akanywa hadi nusu. Hakusema samahani; hakuwa mtu wa samahani. Akampa kaka yangu nusu iliyobaki, akamwambia, "Kunywa, umetoka mbali." Issa akanywa. Mfuko ulirudi Rwamagana mtupu.

Mkono wa Saidi uliamka baada ya Idi, polepole, kama alivyosema tabibu. Kwanza ganzi ya sisimizi nyuma ya gumba, naye akaifurahia kama mtu aliyeletewa zawadi. Kisha kiganja kikainuka kidogo. Idi ile kanzu alizishona baba yake na mafundi wengine, nami nikishona vifungo. Tuliishi pamoja miaka mingi, na urwagwa hakuigusa tena, angalau mimi sikujua.

Mwanangu, umeniomba nikupe neno kabla hujaingia kwenye nyumba ya watu, na neno langu ni hili. Mwili ukiharibika, uliza wapi pameharibika kabla ya kuuliza nani ameuharibu. Watu wengi wa mji huu wamepoteza majirani kwa kukimbilia lile swali la pili. Ukimwona mtu anatetemeka, mpe kiti na maji, usimpe hukumu, kwa maana hofu haina saini ya mkosaji. Na kitu kikikubana, sema kingali kinauma. Ganzi ni habari, maumivu ni habari; mwenye kujinyamazisha ili asiwasumbue wengine huamka siku moja na kitu chake kimekufa, na si lazima kiwe mkono.

Mimi nimezeeka, nina wajukuu, na mama mkwe alifia mikononi mwangu akiomba uji wangu. Hata hivyo, mtu akiingia nyumbani na kuuliza leo nani amepika, moyo hunienda mbio kabla sijakumbuka kwamba anataka tu kusifu. Kichwa kimesamehe, mikono haijapata habari.

Basi Mungu akupe mume mwenye kusema, na wewe akupe kusema yeye asiposema. Akupe wakwe watakaokula kwako bila kukutazama mikononi. Na ukitetemeka, mwanangu, akujaalie mtu mmoja atakayekuuliza una nini, kisha angoje jibu lako.