Alhamisi Niliyonyamaza

Nilifundisha darasa la Biblia la Alhamisi katika kanisa letu la Uthiru kwa miaka kumi na tisa, na namshukuru Mungu kwa kila mmoja wa miaka hiyo. Nilikuwa karani mjini. Nikitoka kazini nilipitia kanisani kabla ya kwenda nyumbani. Sikuwa na ushuhuda wa kusisimua: sijawahi kulewa, sijawahi kuiba, nilibatizwa nikiwa mchanga huko kwetu magharibi. Mtu wa aina yangu hapewi maikrofoni.

Kisha akaja yeye. Alikuwa ametoka gerezani baada ya miaka sita kwa kosa la kuvunja duka, na mchungaji akampa kazi ya kufagia kanisa pamoja na ufunguo wa jikoni. Jumapili aliyosimama kutoa ushuhuda hakuna aliyekohoa. Alisema walilala sakafuni kwa ubavu, wamebanana, na mmoja akichoka walilazimika kugeuka wote kwa pamoja. Alikuwa na Biblia moja, na wenzake walichana kurasa zake wakasokotea tumbaku. Hakuweza kupigana nao. Basi kila jioni aliukariri ukurasa ambao ungefuata kuchanwa.

Kitabu cha Isaya kilikuwa kichwani mwake kizima. Mimi nilihitaji miwani.

Haukupita muda, mchungaji akaniambia, "Mama, umetumika sana. Pumzika kidogo, huyu kijana atushikie Alhamisi."

Kijana! Alikuwa na mvi. Nikasema Bwana asifiwe, nikaketi benchi la pili. Enzi zangu tulijaza mabenchi matatu tukibahatika. Kwake watu walileta viti kutoka nje. Akinukuu mstari, nilifunua haraka nione kama amekosea. Hakukosea. Niliomba niondolewe wivu, lakini, niseme ukweli, niliomba pia asahau japo neno moja.

Jumanne moja familia iliyofiwa huko Mountain View iliomba mtungi mkubwa wa gesi wa kanisa, wapikie watu wa matanga. Niliwafungulia jikoni mimi mwenyewe, maana nami nina ufunguo, wakaubeba. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, kabla ya darasa, akina mama walikwenda kuchemsha chai wakakuta mpira wa gesi unaning'inia.

"Mtungi uko wapi?"

"Uliza mwenye ufunguo."

"Si nilisema? Huyo alisomea chuo cha serikali miaka sita, akahitimu!"

Wakacheka. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye duka la mabati, hakucheka. "Siku za mwizi ni arobaini," alimwambia mfagiaji wetu, aliyekuwa ameingia wakati huo na ufagio wake. "Umeuza wapi? Sema mapema. Watu wa bodaboda huko nje wakisikia, hawataita polisi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Yalihitajika maneno matatu tu. Sikuyasema. Niliwaza: leo nani atafundisha? Na moyo wangu ukafurahi.

Yeye aliweka ufagio chini. Alitoa vitu mfukoni, simu, leso na kipande cha sabuni, akavipanga mezani. Akavua viatu. Kisha akachuchumaa katikati ya jikoni, mikono kichwani, macho chini, jinsi wafungwa wanavyochuchumaa wakihesabiwa. Hakuna aliyemwamuru. Sidhani hata yeye alijua anafanya hivyo.

"Inuka," nikasema. "Tafadhali, inuka. Mtungi niliutoa mimi juzi. Uko matangani."

Kisha mama mmoja akasema, "Ai, mwalimu, si ungesema! Uzee nao." Wakacheka tena, mtu akaenda kutafuta jiko la makaa. Mwenye duka alimpigapiga begani: "Pole, bwana. Unajua mambo ya siku hizi." Hakuna aliyemwomba msamaha. Alivaa viatu akaondoka, na darasa halikufanyika.

Kesho yake nilimfuata kwake Kangemi, chumba cha ghorofa ya tatu. Nilimkuta akifua nguo kwenye veranda. Nilimwambia yote: kwamba sikuwa nimesahau, kwamba nilinyamaza makusudi, na sababu yake.

Aliendelea kukamua shati. "Nilijua, mama. Ulikuwa unanitazama vile wenzangu wa seli walivyokuwa wananitazama nikipata mgeni wa kunitembelea."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Hakungoja hata kidogo. Hata wepesi ule niliuonea wivu. Mimi ningehitaji mwezi mzima na mfungo.

"Basi Alhamisi urudi ufundishe," nikasema.

"Hapana. Nitakuja niketi tu. Wamenionyesha mahali pangu. Darasa chukua wewe."

Nilipaswa kukataa. Nilipaswa kumsihi, kwenda kwa mchungaji, kuwaambia akina mama wale kwamba haukuwa uzee. Badala yake nilimshika mkono nikamwambia Mungu akubariki, na nilipokuwa nikishuka ngazi nilikuwa tayari nachagua somo.