Bibi na Hadithi ya Mchana

Mpaka leo nikisikia mapazia ya plastiki yakivutwa, kra-kra-kra, nageuka kutazama mlango. Wenzangu wanakumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi. Mimi, jamani, ni mapazia ya ukumbi mdogo wa maghorofa yetu ya Vickery Meadow, hapa Dallas.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Hatukuwa na muda mrefu tangu tutoke kambi ya wakimbizi kule Kigoma, mimi, mama na Bibi, aliyemzaa mama. Bibi alishinda dirishani akisalimia wapita njia ambao hawakumwelewa. Basi dada mmoja wa kanisani akaandaa kikao cha hadithi kwa majirani, kila nyumba ilete ya kwao. Bibi alifurahi mno, akafua kitenge chake kizuri. Hakuuliza saa, wala hakuna aliyemtajia. Kwake kikao cha hadithi ni cha usiku, kuna cha kuuliza?

Kumbe ni Jumamosi mchana.

Kwetu hadithi haisimuliwi jua likiwaka. Ukisimulia, wa kwenu aliye safarini hupotea njia asirudi. Nikimsumbua Bibi mchana anipe hadithi aliniuliza tu, "Nani yuko njiani leo?" nami nikarudi kucheza. Na Jumamosi hiyo aliyekuwa njiani ni mama, akiendesha gari peke yake kwa mara ya kwanza, kwenda na kurudi kazini Garland. Barabara zenyewe mnazijua, zimepandana juu kwa juu mpaka kichwa kinauma.

Ukumbi ulijaa Wanepali, Waburma na Wairaki. Zamu ya Bibi ilipofika, alitazama dirisha, akanigeukia mimi mkalimani wake.

"Waambie sisimulii. Jua si hilo hapo?"

Nikatafsiri. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini moyoni nikashukuru: mama amepona.

Mara Mama Salma, jirani yetu kutoka Iraki, akapiga makofi na kucheka. Binti yake, Salma, akanitafsiria kwa Kiingereza, nami nikampa Bibi kwa Kiswahili: hata nyanya yake Mama Salma aliwakataza hadithi za mchana, eti wataota pembe! Bibi akampapasa Mama Salma kichwani kutafuta pembe. Wote wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa Kinepali akainuka akavuta mapazia, mwingine akazima taa.

"It's night now," Salma akaninong'oneza.

Usiku gani? Mwanga ulikuwa unapenya kila upenyo. Nikavuta kitenge cha Bibi.

"Bibi, please, mama yuko barabarani."

Akayatazama mapazia. Kisha akaita, "Hadithi hadithi!" Nikawafundisha kuitikia, "Hadithi njoo!" wakaitikia kila mtu kwa lafudhi yake. Nikatafsiri kisa cha sungura na fisi. Kila walipocheka, mimi niliangalia mlango.

Saa ya mama kurudi ikapita. Simu yake haikupokelewa. Chai ikaletwa, Bibi amezungukwa na wanawake, mimi nimesimama nje kwenye maegesho nikilia kimyakimya. Jua lilikuwa linazama gari letu lilipoingia. Mama alikosa njia ya kutokea barabara kuu, akaogopa kusimama, akajikuta karibu na Fort Worth. Nilimrukia nusura nimwangushe. Bibi alitoka ukumbini, akamgusa mashavu, mabega, mikono. Nikadhani ni uzee.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo mama akanisimulia. Walipokimbia vita Kongo, walijificha porini mchana kutwa. Watoto walilia, na kilio kingewaua wote, basi Bibi akawanyamazisha kwa hadithi ya kunong'ona. Babu alikuwa ametoka kutafuta maji. Hakurudi tena.

Nilidhani siku ile mimi peke yangu ndiye niliyeogopa, na kwamba Bibi amedanganyika na mapazia. Wapi! Aliijua hofu ile kunizidi, na aliyekuwa barabarani ni mwanawe wa kumzaa. Lakini tangu tufike Marekani, kabla ya mapazia yale kuvutwa, hakuna aliyewahi kumwambia, "Mama, zungumza, tunakusikiliza."