Wardah na Jiwe la Kubembea

Wifi yangu Wardah hajui kukaa kando. Feni ikikwama popote mtaani kwetu Kiembeni, huitwa yeye. Pasi ikigoma, yeye. Basi mwaka jana, na umri wake wa miaka arobaini na ushei, akaamua kurudi masomoni apate cheti, aingie chuo asomee ufundi wa umeme. Akaniburuta na mimi, nisiyejua hata taa inawakaje.

Darasa letu la watu wazima hukutana Jumamosi. Mwalimu Changawa ni kijana mpole, ila kwenye fizikia hana mzaha. Alitwambia wazi kuwa asiyeweza kupima mvutano wa dunia kwa jiwe na uzi atahamishwa somo. Na bila fizikia, chuo Wardah hakipati.

Siku ya jaribio Wardah alifunga jiwe kwenye uzi wa mita moja, akalining'iniza, akaliachia libembee taratibu. Mimi nilishika saa. Yeye alihesabu kwa tasbihi, kama anavyohesabu kila kitu, hata mahamri: thelathini na tatu, enda rudi. Tukapiga hesabu, tukapata kumi nukta nne. Mwalimu akatikisa kichwa, maana jawabu lilitakiwa kukaribia tisa nukta nane. Tukarudia, likaja lile lile. Uso ukamsawijika, nami nikamwonea huruma, mimi ambaye kazi yangu ni kumtania.

"Bi Wardah, sasa hesabu kwa sauti," Mwalimu akasema.

Akaliachia jiwe, na papo hapo kidole kikasukuma punje ya kwanza. "Subhana..." Akalidaka jiwe.

"Wallahi, nimelihesabu kabla halijenda! Kwenye tasbihi, ukianza tu kutamka punje yasukumwa. Jiwe halijarudi, mie nishalihesabia moja!"

Tukaanza upya, na safari hii punje ikangoja jiwe lirudi. Tisa nukta nane!

"Fizikia utabaki nayo," Mwalimu akasema.

Nikapiga vigelegele, wanawake wote darasani wakaitikia.

"Jamani, hapa ni maabara, si harusini!" Mwalimu akalalama huku akicheka.

"Waache wapige, Mwalimu," Wardah akamwambia, machozi yakimtoka. "Vya harusi ndivyo vilivyonitoa shule, nami niko kidato cha pili. Hivi vyanirudisha."