Mama Mifupa na Mtu Aliyegeuka Mgongo

Saa moja asubuhi, korido ya chuo cha uuguzi bado inanuka dawa ya kudekia. Juu ya ngazi, brashi moja mdomoni na nyingine mkononi, mwanamke anayeitwa Mama Mifupa anakazia rangi kwenye figo ya kushoto.

"Msiniguse ngazi," anawaambia wanafunzi wanaopita. "Nikidondoka hapa mtanifanya somo."

Zamani alichora mabango ya vinyozi na kuandika "Usikojoe Hapa" kwenye kuta za watu. Chuo kilipotaka picha za mwili, kilimpa ukuta mmoja wa majaribio. Akiharibu, unapakwa chokaa, naye anarudi kwa vinyozi wake.

Mwalimu wa anatomia alimwazima kitabu cha michoro ya kale.

"Nilishangaa," anasema. "Mtu hana ngozi, lakini amesimama nyikani, mkono kiunoni, anaringa kama anapigwa picha. Nikasema, waliochora hawa ni wenzangu."

Naye akataka mtu wake wa ukutani aringe. Kwa kuwa hakuwa na wa kumchora, alisimama mbele ya kioo cha chumbani, akaweka mkono kifuani, akausikia moyo, akauchora ukutani palepale alipouona mkono kiooni.

Hapo ndipo alipoponzwa. Kiooni moyo wako unauona kushoto; lakini mtu aliyesimama akikutazama, moyo wake uko upande wako wa kulia.

"Ufunguzi wa ukuta ulikuwa kesho yake. Mwalimu akatazama weee, akaniambia taratibu, 'Dada, moyo wa huyu uko kulia. Na ini limehamia kushoto.'"

Mumewe, fundi wa kuchomelea, alimkuta jikoni ameshika tama.

"Si umgeuze basi," akamtania, "asitazamane na watu."

Mama Mifupa alicheka, kisha akainuka kutafuta brashi zake. Alfajiri alifuta uso wa mtu wa ukutani, akapaka kisogo. Kifua kikaondoka, uti wa mgongo ukaja. Ukimtazama mtu kwa nyuma, kushoto kwake ndiko kushoto kwako. Moyo na ini vikawa mahali pake bila kuhamishwa.

Kwenye ufunguzi wanafunzi walipiga makofi, naye akalia kwa furaha mbele ya wageni bila kujificha.

"Mapafu tunayasikiliza mgongoni pia, na picha zetu zote za darasani zilikuwa za mbele," anasema mwalimu. "Chokaa nilishaiagiza. Nikairudisha, nikaagiza rangi za korido nzima."

Ukuta unaofuata ni wa mama mjamzito. Mdogo wake Mama Mifupa, ambaye tumbo lake limeshakuwa kubwa, amekubali kusimama achorwe.

"Huyu atatutazama usoni," anasema Mama Mifupa, akifuta brashi. "Na safari hii mkono nauweka kwenye kifua chake, si changu."